Funguo mbili za Korintho: Shirikisho la Akaya na ngome lililoirudisha kwa mfalme

Wengi wetu tumelijua jina la Korintho kupitia nyaraka za Paulo. Mji ule aliouandikia Paulo ulikuwa koloni la Warumi, lililoanzishwa mwaka 44 KK kwa amri ya Julius Caesar. Kisa hiki kinahusu Korintho uliokuwa mahali hapohapo kabla yake, mji wa Wagiriki ambao jeshi la Roma liliubomoa mwaka 146 KK. Na Akaya, ambayo katika Matendo ya Mitume ni jimbo lenye liwali wa Kirumi, zamani za mji ule lilikuwa jina la umoja wa miji iliyojitawala yenyewe, ikachagua viongozi wake na kupiga fedha zake.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa maneno machache. Mwaka 243 KK mtu mmoja aitwaye Aratus, wa mji wa Sicyon, alihatarisha maisha yake na dhahabu za mkewe ili kuwapokonya Wamakedonia ngome ya Akrokorintho, mlima unaoutazama mji wa Korintho kutoka juu. Miaka isiyotimia ishirini baadaye, Aratus huyohuyo aliongoza shirikisho lake kuirudisha ngome hiyohiyo kwa mfalme wa Makedonia, bila kulazimishwa kwa silaha na mfalme huyo, na mwanawe akapelekwa kuwa mateka wa dhamana. Plutarch, aliyeandika maisha ya Aratus, alimpenda, lakini hapa alimlaumu waziwazi. Mwanahistoria Polybius, aliyezaliwa ndani ya shirikisho hilohilo na ambaye baba yake alikuwa mmoja wa viongozi wake, alimtetea. Nimewasoma wote wawili mara kadhaa, na kila mara narudi kwenye jambo moja ambalo wote wanalitaja bila kulisimamia: asubuhi ile ya mwaka 243, Korintho ulipewa ufunguo mmoja, na ufunguo wa pili haukupewa.

Mlima na shingo ya nchi

Akrokorintho ni mlima wa mawe wenye urefu wa mita 575 hivi kutoka usawa wa bahari, na juu yake kuna chemchemi, kwa hiyo askari wanaweza kukaa huko bila kushuka kutafuta maji. Kaskazini yake ni shingo ya nchi inayoiunganisha rasi ya Peloponesi na sehemu nyingine za Ugiriki. Upana wake ni kilomita sita na kitu. Mji uliokuwa chini ya mlima ulikuwa na bandari mbili, Lechaeum upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Jeshi lolote lililokuja kwa nchi kavu lilipita hapo. Mfalme Philip V wa Makedonia aliiita Akrokorintho mojawapo ya pingu tatu za Ugiriki, pamoja na Chalcis na Demetrias.

Shirikisho la Akaya lenyewe lilianza kinyonge. Mnamo 280 KK miji minne ya pwani ya kaskazini ya Peloponesi na nyuma yake, yaani Dyme, Patrae, Tritaea na Pharae, ilifufua umoja wa kale uliokuwa umevunjika. Hakuna mmoja kati yake uliokuwa mji mkubwa. Baadaye miji mingine ikafukuza vikosi vya Makedonia au watawala wake wa mabavu na kuingia. Walikutana katika mji wa Aegium. Mwanzo walichagua majemadari wawili kila mwaka. Kuanzia 255 KK wakaona heri mmoja, na ikawa kanuni kwamba mtu hawezi kushika ujemadari miaka miwili mfululizo. Polybius anaeleza kwa fahari kwamba mwishowe miji hii ilikuwa na sheria zilezile, mizani ileile, vipimo vilevile, fedha zilezile, viongozi, washauri na mahakimu walewale, hata Peloponesi nzima ilikosa ukuta mmoja tu ili iitwe mji mmoja.

Maneno hayo yananigusa kila ninapoyasoma. Miji ya Kigiriki ilizoea namna mbili tu za kuhusiana: kila mmoja peke yake, au mmoja juu ya mingine, kama Athene ulivyowageuza washirika wake kuwa walipa kodi. Akaya walifungua njia ya tatu. Mwaka 251 KK, Aratus akiwa kijana wa miaka ishirini, aliuteka mji wake wa Sicyon kutoka kwa mtawala wa mabavu aitwaye Nicocles na mara akauingiza katika shirikisho. Sicyon ulikuwa mji wa Wadori, wenye ukoo tofauti na Waakaya, tena wenye jina kubwa kuliko miji ile midogo ya mwanzo. Ulipokewa kwa haki sawa. Toka siku hiyo Akaya haikuwa tena jina la kabila.

Lakini Sicyon uliingia na shida yake. Watu karibu 600 waliokuwa uhamishoni walirudi, wengine baada ya miaka hamsini, wakakuta nyumba na mashamba yao mikononi mwa wengine. Aratus alisafiri hadi Misri na kupata kwa mfalme Ptolemy II jumla ya talanta 150. Talanta moja ni kama kilo 26 za fedha, kwa hiyo alipata karibu tani nne. Kwa fedha hizo aliwalipa fidia watu na kuzima ugomvi. Ilikuwa kazi nzuri ya upatanishi. Ila ulikuwa upatanishi kati ya wenye mali na wenye mali, uliolipiwa na mfalme wa mbali. Mtu asiyekuwa na shamba la kudai, mwenye deni tu, hakuwemo katika hesabu ile. Naomba msomaji aliweke hilo akilini.

Asubuhi ya 243

Mpango wa kuiteka Akrokorintho ulianzia kwenye meza ya mbadilisha fedha. Mtu wa asili ya Shamu aitwaye Erginus alikuja kwa mwenye benki mmoja huko Sicyon kubadilisha fedha zilizoibwa katika hazina ya mfalme, na katika mazungumzo akataja kwamba kuna njia katika miamba inayofika mahali ukuta wa ngome ulipo mfupi. Aratus alimwahidi yeye na ndugu zake talanta 60. Hakuwa nazo. Aliweka rehani vyombo vyake vya fedha na dhahabu za mkewe. Usiku ule, na watu 400 wa kuchaguliwa na ngazi zao, mwezi ulikuwa mpevu na mawingu yakaufunika kwa wakati.

Kulipokucha ngome ilikuwa mikononi mwao. Aratus alishuka hadi ukumbi wa maonyesho wa mji, watu wakiwa wamejaa, akasimama ameegemea mkuki wake kwa uchovu, akisubiri shangwe zitulie. Kisha akawaomba Wakorintho wajiunge na shirikisho, na akawakabidhi funguo za malango ya mji wao. Tangu enzi ya Philip, baba yake Alexander, yaani karibu miaka mia moja, hawakuwahi kuzishika.

Akrokorintho hakuwakabidhi. Aliweka juu huko askari 400 wa Akaya, pamoja na mbwa 50 na watunzaji wao.

Sababu yake inaeleweka. Mlima ule ulikuwa mlango wa rasi nzima, si wa mji mmoja, na shirikisho lilitaka uhakika. Hata hivyo, jiweke mahali pa Mkorintho. Jana ukiinua macho ulimwona askari wa Makedonia; leo ukiinua macho unamwona askari wa Dyme au wa Patrae. Umekuwa raia mwenye haki sawa katika umoja mzuri, na bado mlima wa kwenu una walinzi ambao hukuwaweka wewe. Naamini Korintho ulipoteza imani yake kidogokidogo kuanzia hapo, ingawa kwa muda mrefu hakuna aliyelisema. Ushindi ule uliivuta miji mingine: Megara, Troezen, Epidaurus, baadaye Megalopolis mwaka 235 na Argos mwaka 229, watawala wao wa mabavu wakijiuzulu wenyewe na kuja kugombea ujemadari kama raia.

Mfalme aliyewapa watu matumaini

Sparta, kusini mwa rasi, haukuwemo. Mwaka 235 KK ulipata mfalme kijana, Cleomenes III. Mwaka 227 aliwaua waangalizi wanne kati ya watano waliokuwa na mamlaka ya kumzuia mfalme, akafukuza watu 80, akafuta madeni, akagawa ardhi upya na kuunda jeshi la askari 4,000 wenye silaha nzito. Alikuwa mtu wa mabavu, hilo halifichiki. Lakini habari ya madeni kufutwa ilivuka mipaka kwa kasi kuliko jeshi lake. Plutarch anaandika kwamba katika miji ya Akaya watu wa kawaida walitarajia kugawiwa ardhi na kusamehewa madeni, na wakuu wao wengine walikuwa wamemchoka Aratus.

Vitani nako Aratus alishindwa mara kwa mara. Alikuwa hodari wa ngazi za usiku na barua za siri, si wa uwanja wa wazi mchana. Mwaka 227 karibu na Megalopolis aliwakataza watu wake kuvuka korongo. Lydiades, yule mtawala wa zamani wa Megalopolis aliyejiuzulu, alivuka na askari wa farasi akauawa. Mwaka 226, huko Hecatombaeum karibu na Dyme, Cleomenes alilishinda jeshi zima la shirikisho. Ndipo Ptolemy III wa Misri alipoona kwamba Cleomenes ndiye fimbo imara zaidi ya kuipigia Makedonia, akahamishia kwake fedha alizokuwa akiwapa Akaya. Kukopa harusi, kulipa matanga: mfuko uliojenga amani ya Sicyon ulikuwa wa mtu mwingine, na mwenyewe aliuondoa alipotaka.

Cleomenes hakudai kuiangamiza Akaya. Alidai uongozi mkuu wa shirikisho, na aliahidi kurudisha mateka na maeneo aliyoyateka. Wengi walikuwa tayari kukubali. Mkutano ukapangwa, lakini njiani alikunywa maji mengi ya baridi akiwa na joto la safari, akatapika damu na kupoteza sauti, mkutano ukaahirishwa. Ulipopangwa upya Argos, Aratus alimtaka aingie peke yake baada ya kupokea mateka 300 wa dhamana. Cleomenes alikasirika kwamba masharti yanabadilishwa akiwa mlangoni, akatangaza vita. Afya ya mtu mmoja kwa siku chache iliamua mengi hapa.

Sasa kuna jambo ambalo wajumbe wa Aegium hawakulijua. Kabla ya hayo, Aratus alikuwa amekwisha kuwatuma kwa siri watu wawili wa Megalopolis, Nicophanes na Cercidas, marafiki wa ukoo wake, kwenda kwa Antigonus Doson, mfalme wa Makedonia. Mbele ya watu walikwenda kama wajumbe wa Megalopolis wanaoomba msaada, na kwa idhini ya shirikisho. Faraghani walibeba ujumbe wa Aratus. Jibu la mfalme lilipofika, Aratus alisimama mkutanoni akawasihi watu wajaribu kwanza nguvu zao wenyewe, wamwite mfalme pale tu watakaposhindwa. Polybius ndiye anayetueleza haya, na anasema Aratus hakuyaandika katika kumbukumbu zake mwenyewe. Polybius analihesabu jambo hili kuwa busara. Alikuwa mtu wa Megalopolis, mji uliochomwa na Cleomenes mwaka 223, na uchungu huo unasikika katika kila anachoandika juu ya Sparta. Mimi naliona kosa kubwa zaidi la Aratus. Shirikisho lile lilisimama kwa ridhaa ya miji; kuwaacha wajumbe wakijadili jambo lililokwisha kupangwa ni kuitumia ridhaa hiyo kama pazia.

Korintho unawafukuza

Mwaka 225 mambo yaliporomoka. Pellene ukaanguka, Argos ukaingia mikononi mwa Cleomenes wakati wa michezo ya Nemea, mji ukiwa umejaa wageni. Aratus alikuwa Korintho akiwachunguza waliotuhumiwa kuipenda Sparta. Wakorintho wakakusanyika kwenye hekalu la Apollo wakamwita, wakikusudia kumkamata. Alikuja akimwongoza farasi wake kwa hatamu, kana kwamba hana wasiwasi, akawasemesha kwa upole na kuwaomba watulie, huku akirudi polepole kuelekea lango. Hapo akapanda farasi, akamwagiza kamanda wa Akrokorintho aishike ngome kwa nguvu zote, na akakimbilia Sicyon na askari thelathini tu.

Wakorintho walimfungulia Cleomenes malango. Funguo za malango zilikuwa zao, na walizitumia.

Lakini mlima ulibaki na askari wa Akaya. Cleomenes aliuzungushia boma, kisha akamtumia Aratus ahadi: atampa talanta 12 kwa mwaka, mara mbili ya alizokuwa akipewa na Misri, na Akrokorintho ilindwe kwa pamoja na Waakaya na Wasparta. Hata nyumba ya Aratus iliyokuwa Korintho aliilinda isiguswe. Aratus alijibu kwamba si yeye anayeyaendesha mambo, bali mambo ndiyo yanayomwendesha.

Nakaa sana kwenye ahadi hiyo. Ulinzi wa pamoja wa mlima ndio wazo pekee katika kisa kizima lililokaribia kuuliza mlima ni wa nani. Bado halikuwataja Wakorintho! Hata hivyo lingewaweka Wagiriki wa rasi katika nyumba moja, kwa masharti mabaya kwa Akaya, chini ya mfalme mwenye ulafi wa ukuu. Ingekuwaje baadaye, Cleomenes angewafanyia nini matajiri wa Sicyon, hilo ndilo lililowatia hofu Aratus na wenzake kuliko Makedonia. Plutarch anasema wazi kwamba Aratus aliogopa kufutwa kwa utajiri na kuinuliwa kwa masikini, akachagua taji na vazi la zambarau la Makedonia. Sidhani alikuwa msaliti. Alikuwa mtu aliyeona uhuru na usalama wa mali kuwa kitu kimoja, maana tangu Sicyon ndivyo alivyoujenga.

Njia nyingine zilikuwa zimezibwa. Waetolia, umoja mwingine wa Wagiriki, waliombwa msaada wakakataa, Athene nao. Misri ilikuwa upande wa pili. Sicyon ulizingirwa miezi mitatu. Antigonus alikuwa tayari, ila kwa sharti moja: apewe Akrokorintho. Awali shirikisho lilisita, kwa sababu halikutaka kuwatoa Wakorintho bila ridhaa yao. Kufukuzwa kwa Aratus kuliwaondolea kizuizi hicho. Polybius anasema kwamba kitendo cha Wakorintho kiliwapa Waakaya sababu ya haki. Aratus alipita kwa bahari hadi Aegium, mkutano ukaamua, mwanawe akaenda kwa mfalme.

Mtu anaweza kunipinga hapa: kama Wakorintho wangekuwa na funguo zote mbili, si wangempa Cleomenes na mlima pia, shirikisho likafa mwaka huohuo? Ni pingamizi la haki. Argos nao haukuwa na mlima wenye walinzi wa kigeni, na uliasi vilevile, kwa sababu ya madeni. Kwa hiyo sisemi kwamba ufunguo peke yake ungeiokoa Akaya. Ninachosema ni kwamba walinzi wale 400 waliufanya mji kuwa kitu kinachoweza kutolewa. Huwezi kumpa mtu ngome ambayo huishiki.

Bei iliyolipwa

Antigonus alishuka na askari wa miguu 20,000 na wa farasi 1,300. Cleomenes aliziba shingo ya nchi vizuri, akamzuia. Kilichomwangusha ni Argos: watu walikuwa wamengoja madeni yafutwe, hayakufutwa, na kiongozi mmoja aitwaye Aristoteles akawashawishi waasi bila shida. Cleomenes ilimbidi arudi nyuma kuokoa njia yake. Akawa amepoteza kwa sababu ileile iliyowapotezea Akaya.

Mwaka 222 huko Sellasia Antigonus alikuwa na askari wa miguu 28,000 hivi, na kati yao Waakaya wa kuchaguliwa walikuwa 3,000, ukiacha 1,000 wa Megalopolis. Sparta ulishindwa, Cleomenes akakimbilia Misri na kufia huko. Siku chache baada ya vita Antigonus alipata habari kwamba Wailiria wameivamia Makedonia, akaondoka haraka. Cleomenes angalisubiri siku hizo chache tu, asingelazimika kupigana.

Tayari shirikisho lilikuwa limekubali kutomwandikia wala kumtumia mjumbe mfalme mwingine yeyote bila ruhusa ya Antigonus, na kulisha na kulipa askari wake. Sicyon, mji wa Aratus, ulimfanyia Antigonus sikukuu yenye sadaka na nyimbo. Aristomachus wa Argos, aliyewahi kuwa jemadari wa shirikisho na kisha kumfuata Cleomenes, aliteswa Kenkrea na kuzamishwa baharini. Mantinea, mji uliokuwa mwanachama, ulitekwa mwaka 223, watu wake wakauzwa utumwani, na ulipokaliwa upya Aratus mwenyewe aliuita Antigonea. Huko Argos mfalme alisimamisha tena sanamu za watawala wa mabavu, na akaziangusha za wale walioiteka Akrokorintho usiku ule wa ngazi, isipokuwa ya Aratus. Aratus alimsihi aache. Hakusikilizwa.

Alikufa mwaka 213, akiamini kwamba Philip V, mrithi wa Antigonus, ambaye Aratus mwenyewe alimlea kisiasa, alikuwa amempa sumu ya polepole. Rafiki yake alipoona damu katika mate yake, Aratus alimwambia kwamba huo ndio ujira wa urafiki wa wafalme.

Wamakedonia walikaa juu ya mlima hadi waliposhindwa na Roma. Mwaka 196, kwenye michezo iliyofanyika palepale kwenye shingo ya nchi, jemadari wa Kirumi Flamininus alitangaza kwamba Wagiriki waliokuwa chini ya Philip wako huru, bila vikosi vya kigeni na bila kodi. Mtangazaji aliombwa arudie, kwa jinsi watu walivyoshindwa kuamini masikio yao. Korintho ukarudishwa kwa Shirikisho la Akaya. Akrokorintho ilibaki na askari wa Roma kwa miaka miwili zaidi, hadi 194, waliposhuka.